Hasi

Saa tisa usiku, Kutaisi, theluji imefika kizingitini.
Muuguzi Tsiala ananiletea kichupa bila salamu.
Maji ya uti wa mgongo yakiwa mazima humeta kama ya chemchemi;
haya yamefifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.
Kwenye lebo: Eliko. Miaka minne.
Wino umelowa.

Nalizungusha, nalipaka tone kwenye kioo,
nakipitisha motoni mara tatu, upesi,
kama mtu anayejaribu pasi kwa kidole.
Kisha zambarau, dakika nzima.
Kisha iodini, rangi ipate nanga.
Kisha spiriti, na hapa ndipo penye kesi,
hapa kila kijidudu huulizwa:
ulichopewa utakishika, au utakiachia?

Mama yangu alifua vitambaa vya meza vya karamu.
Alijua doa lipi la divai litatoka
na lipi litazikwa na kitambaa chake.
Sikwenda mbali na kazi yake.
Wenye ukuta mnene hubaki na zambarau yao, wakaidi.
Wenye ukuta mwembamba, waliojifunika joho la mafuta,
spiriti huwavua joho, rangi yote ikaenda na maji.
Wanabaki uchi, hawaonekani,
mpaka niwape safranini
waone haya, wawe waridi.

Hawa waridi nimeishi nao miaka kumi na tisa.
Yupo anayenukia zabibu kwenye sahani ya agari,
zabibu za Oktoba zinapokanyagwa,
kumbe umemkwangua kwenye kidonda cha mtu aliyeungua.
Yupo asiyetulia, hutambaa kwa mawimbi,
asubuhi unakuta amemeza sahani nzima.
Na yule wa kisimani, aliyewalaza wageni wa harusi
kwa homa ya matumbo. Bwana harusi pia.

Tone la mafuta. Lenzi ya mia.
Kwanza chembe nyeupe, nyingi mno, zimebanana
kama sisi mwaka ule wa foleni za mkate.
Kisha, ndani ya tumbo la mojawapo:
wawili wawili, waridi,
wameelekezana ubapa kwa ubapa.
Maharage.
Maharage yale yale
ambayo Nazibrola wa jikoni ameyaloweka tangu jana.

Napiga simu wodini. "Gramu hasi,
kokasi wawili wawili, ndani ya seli."
Sijamaliza, simu imeshawekwa mezani;
kwa mbali droo ya seftriaksoni inavutwa.

Koridoni yupo baba yake, Otia, dereva wa malori ya magogo.
Buti zake zimeacha madimbwi mawili.
Amesikia neno moja kupitia mlango.
"Hasi!" anasema. "Umesema hasi!"
Ananikumbatia, ananuka dizeli na sufu mbichi,
tayari anatafuta simu ampigie mkewe.

Nani aliwapa viumbe hawa neno hilo,
neno ambalo watu hulifungia saumu,
kwa sababu tu hawakushika rangi?

Namkalisha.
Namwambia hasi hii ni jina la ukoo.
Namuuliza nani alilala naye, nani alinywea kikombe chake.
Dada wawili. Basi watapewa vidonge leo,
na wewe, na mama yao.
Vile vidoa vya miguuni, ulipovibonyeza kwa glasi?
Havikufifia, anasema. Nilidhani ni michubuko.
Ananitazama mikono.
"Umekamua zabibu?"
Naificha mfukoni.

Saa moja, Nazibrola ananisukumia bakuli,
kitunguu saumu, giligilani, mvuke.
Nakula. Punje moja moja,
bila kutazama.
Tsiala anapita mbio, hanioni.

Kwenye mtungi wa kuoteshea mshumaa umezimika wenyewe,
kama inavyotakiwa. Hewa sasa inawafaa.
Kesho nitajua bila shaka kama ni wao.

Kesho ya Eliko
haimo mtungini.